Wameotesha damu ya baba mdogo wakamkuta mdudu ambaye sio taifodi (nyota nne)

Kama una mgonjwa ana homa ya kutetemeka na huko mlikotoka mmeshaambiwa ni maleria na taifodi, kabla hujalipia sindano nyingine mlete hapa hospitalini wamtoe damu ya kuotesha, yaani inawekwa kwenye chupa maalumu ili kama kuna bakteria waote waonekane. Nasema damu ya kuotesha, sio ile ya kudonoa kidole alafu unasubiri robo saa kwenye benchi. Watu wengi hapa Moshi hawajui kama kuna tofauti, hata mimi sikujua mpaka mwezi wa nne mwaka huu.

Nieleze ilivyokua. Baba mdogo wangu analima mpunga Mabogini. Ana sukari, huu mwaka wa tisa, na ini lake sio zima, ana ile homa ya ini B ya miaka mingi. Ijumaa alikua anazibua mfereji, maji yamemfika magotini, akakatwa na kitu chini ya goti, yeye anasema ni kipande cha bati. Akaosha kidonda kwa maji yaleyale ya mfereji, akafunga na kitambaa, akaendelea na kazi mpaka jioni. Jumamosi mchana mguu umevimba, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta na imeanza kutoa malengelenge, usiku ndo homa ikaja, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

Jumapili tukampeleka zahanati moja ya karibu, jina naliacha. Kipimo cha maleria kikatoka hasi, nimeona mwenyewe mstari mmoja tu, wakasema maleria inaweza kuwa imejificha. Wakapima ile Widal, kipimo chao cha taifodi, wakasema taifodi ipo. Tukapewa dawa mseto na amoksilini, elfu thelathini na nane, tukarudi nyumbani. Mguu hakuna aliyeuangalia. Suruali haikukunjwa hata kidogo, na mzee wa watu kaingia anachechemea kashikiliwa na watu wawili.

Jumatatu alfajiri alianza kuniita jina la marehemu bibi. Hapo nikajua hatuna muda, nikaita bajaji tukaja hapa.

Sasa huduma. Mapokezi walikua wanne mbele yetu, lakini dada wa pale alivyomwona anavyohema akatoka nje ya dirisha akaja kumshika mkono, akapitisha mbele ndo akarudi kuandika faili. Daktari kitu cha kwanza kasema "shikamoo mzee", cha pili kakunja suruali. Akauliza alikua kwenye maji gani. Presha ilikua chini sana. Akasema hii ni sumu ya bakteria imeshaingia kwenye damu, tunatoa damu ya kuotesha sasahivi alafu dawa inaanza hapohapo, hatusubiri majibu ndo tuanze, ila hatuanzi dawa kabla ya damu. Huo mpangilio naomba mtu aushike maana ndo kitu kikubwa kuliko vyote nilivyojifunza: damu kwanza, dawa dakika chache baadae. Ukishapiga sindano ya antibiotiki, hata vijidudu vikiwemo vinaweza kugoma kuota kwenye chupa, unaishia kuambiwa hakuna kitu.

Nesi aliyemtoa damu nilimwangalia mwanzo mwisho. Akavaa glovu, akafuta ngozi na spiriti, akafuta tena, alafu akasimama. Nikamwambia dada mbona unasubiri, mgonjwa huyu ana hali mbaya. Akanijibu kwa upole, "mama, ikiwa mbichi haijaua bado, lazima ikauke, na nikishafuta siruhusiwi kugusa tena na kidole." Kumbe wadudu wa kwenye ngozi wakiingia kwenye chupa wanaota pia, mnaanza kutibu mdudu ambaye hakua na shida na mtu. Akafuta na vizibo vya chupa. Akavuta damu nyingi, kama mililita kumi kila chupa, mkono wa kulia chupa moja na mkono wa kushoto chupa nyingine. Nilishtuka na wingi wake ila akanieleza kwamba kwenye damu ya mtu mzima bakteria wanakua wachache sana hata kama mtu anakaribia kufa, ukichukua kidogo unaweza usimbahatishe hata mmoja. Baada ya hapo dripu na antibiotiki ya sindano, seftriaksoni.

Alafu likaja dodoso. Kijana wa maabara alitoka na karatasi akakaa na mimi kwenye benchi, maswali kama kumi. Amekula samaki au ameparua samaki? Ameingia mtoni, mferejini, bwawani, au ameoga kwenye chemchemi kule Chemka? Ametoka pwani wiki hii? Anakunywa maziwa mabichi? Anakula soseji za baridi? Ametumia dawa gani na saa ngapi? (Kwa mwanamke kuna swali la mimba.) Nikamuuliza kaka haya yote ya nini, mtu ana kidonda mguuni. Na yeye hakunifukuza, alinielewesha moja moja na hiki ndo kitu kinachonifanya niandike hapa leo.

Swali la maziwa ni kwa ajili ya bakteria anaitwa brusela. Wanakuja sana wafugaji na watu waliokunywa maziwa ya moto wa jua tu, hayajachemshwa, homa inapanda inashuka wiki kwa wiki, viungo vinauma, kila mahali wanatibiwa maleria. Huyo brusela anaota polepole, na akiota anaweza kumwambukiza mtu wa maabara kwa kuvuta tu hewa akifungua sahani vibaya, kwahiyo wakijua mapema wanajikinga. Swali la soseji na mimba ni bakteria mwingine, listeria, huyu ana tabia mbaya ya kuendelea kukua hata ndani ya friji, na mama mjamzito anaweza asiumwe sana yeye ila mtoto tumboni akafa. Afrika Kusini 2017 mpaka 2018 watu 1,060 waliugua kwa polonyi (soseji nene) zilizotoka kiwanda kimoja na waliokufa ni 216, hakuna mlipuko mwingine wa listeria duniani uliojulikana mkubwa kama ule. Swali la pwani ni bakteria anaitwa vibrio vulnifikasi, wa maji ya chumvi yenye joto, unampata kwa kula chaza wabichi au kuingia baharini na kidonda, Marekani wanasema katika watu watano wanaompata mmoja anakufa, wengine ndani ya siku moja au mbili, na wanaoumia zaidi ni wenye ini bovu. Alivyosema ini bovu nikamwangalia baba mdogo pale kitandani.

Na swali la mfereji? Akasema subiri tuone, nina mawazo yangu lakini sisemi mpaka chupa iseme.

Chupa ikasema usiku uleule. Wana mashine inazitikisa chupa kwenye joto la mwili, bakteria wakianza kula na kuzaliana wanatoa hewa ya kaboni na mashine inaihisi inapiga kengele. Kama hakuna kitu wanakaa nayo mpaka siku tano ndo wanaandika hasi. Ya kwetu ililia saa tano usiku, yaani saa kumi na tano tu tangu itolewe. Yule kijana hakusubiri asubuhi, alipaka tone kwenye kioo akatia rangi akaangalia kwenye hadubini, akampigia daktari wa zamu, daktari akaja wodini kuniambia: kuna bakteria wa umbo la fimbo, chupa zote mbili, hii sio uchafu wa ngozi. Mimi nilikua nimelala chini kwenye mkeka, nikainuka. Nilitegemea kusikia majibu ni kesho, njoo kesho, dirisha limefungwa.

Jumatano wakapata jina, eromonasi. Anaishi kwenye maji yasiyo ya bahari, mito, mabwawa, mifereji, matope, kwenye samaki, popote maji yasiyo na chumvi nyingi yana joto. Watu wengi wanaoga nae kila siku hawapati kitu au wanaharisha siku mbili yanaisha. Lakini akipata mlango, yaani kidonda, na mwili wenye sukari au ini lisilochuja vizuri, anaingia kwenye damu na anakula nyama ya mguu kwa masaa, sio kwa siku. Anakaa hata kwenye tumbo la ruba, na huko Ulaya madaktari wanaotumia ruba kunyonya damu kwenye kidole kilichoshonwa upya wanampa mgonjwa antibiotiki mapema kwa ajili ya mdudu huyuhuyu.

Nilimuomba yule kijana anionyeshe. Hakuniingiza ndani, alileta sahani hadi kwenye kioo cha dirisha ikiwa imefunikwa, akaishika upande wake. Ya kwanza ni nyekundu, imetengenezwa na damu ya kondoo, juu yake vidoa vya kijivu vinene na kuzunguka kila kidoa pamekua peupe mpaka unaona vidole vyake nyuma, kwa sababu mdudu ameyeyusha ile damu. Ya pili ndo siisahau. Ni ya rangi ya maziwa yaliyochujuka, bakteria wamepakwa sahani nzima kama zulia, alafu kuna vidude vya karatasi vidogo kama confeti, kila kimoja kina dawa yake. Kwenye siprofloksasini kuna duara kubwa safi, hakuna kilichoota. Kwenye jentamaisini duara. Kwenye kikaratasi cha jamii ya amoksilini hakuna duara kabisa, wameota mpaka wamegusa ukingo wa karatasi, mpaka wameibana. Akaniambia eromonasi kwa asili yake hashikwi na ampisilini wala amoksilini, hata asiyewahi kukutana na dawa maishani mwake. Kwahiyo vile vidonge vya Jumapili, vya elfu thelathini na nane na dawa mseto yake, havikumgusa. Na ndo maana damu ilikubali kuota japo alikua ameshameza dozi mbili.

Kuna jambo nililisikia baadae kwa daktari na linaonyesha hawa watu wako makini. Kile kifaa chao cha kutambua jina mwanzoni kilileta vibrio. Hawa wawili wanafanana sana kwa vipimo na vifaa vingi vinawachanganya, na vibrio mwingine ndo wa kipindupindu. Wangeandika tu wakasaini, hebu fikiria taharuki, maafisa afya mtaani, watu wa Mabogini wanakatazwa kuuza mboga. Wao hawakuridhika, wakamuotesha upya kwenye chumvi ya asilimia sita, akagoma, maana eromonasi chumvi hiyo haiwezi. Ndo wakaandika. Hiyo iliwagharimu siku moja zaidi na hawakutulipisha.

Matibabu yenyewe: Jumatatu jioni walimpeleka chumba cha upasuaji wakafungua mguu wakaondoa nyama iliyokufa, Jumatano wakabadili dawa kuwa siprofloksasini ya dripu. Seftriaksoni kwenye sahani ilionekana inafaa, ila daktari akasema mdudu huyu ana kawaida ya kuwasha kinga yake akishakaa na dawa za jamii ile, hataki kubahatisha. Ijumaa baba mdogo aliniita jina langu. Siku kumi na sita alikaa. Mguu anao, vidole vyote anavyo, anatembea na fimbo.

Bei. Kuotesha damu elfu sitini kwa chupa zote mbili na majibu ya dawa ndani yake. Najua ni hela nyingi, mimi mwenyewe nilikopa kwenye kikoba. Lakini piga hesabu ya mtu anayetibiwa taifodi mara nne kwa mwaka. Hiyo Widal inapima kinga ya mwili, sio mdudu mwenyewe, mtu aliyewahi kuumwa zamani inaweza kusoma vilevile, na taifodi ya kweli inathibitishwa kwa chupa hizihizi za kuotesha. Na kuhusu maleria, sio maneno yangu, kuna utafiti ulifanyika hapahapa mjini kwetu kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Walioandikiwa maleria ni 528. Waliokua na maleria kweli kama chanzo cha homa ni 14. Wengine wote homa yao haikutokana na maleria na 85 kati ya wale 870 walikua na bakteria kwenye damu. Nilivyosoma hizo namba nilikaa kimya, nikawaza ni wazee wangapi mitaani kwetu tumewazika tukasema maleria ilipanda kichwani.

Sasa nyota moja nimeitoa na nitasema kwanini. Kwanza Jumapili maabara ya kuotesha imefungwa, wanapokea vipimo vya kawaida tu. Sisi tulikuja Jumatatu kwa bahati, ila tungekuja Jumapili na hali ileile sijui chupa zingekaa wapi. Mdudu anayemaliza mguu kwa masaa hajui Jumapili. Pili, karatasi ya majibu yote ni Kiingereza, jina la mdudu, herufi S (dawa inafaa) na R (haifai), hakuna mstari hata mmoja wa Kiswahili, mimi nilieleweshwa kwa sababu yule kijana ana moyo, akiwa zamu mwingine je? Wekeni tu sentensi mbili chini: amepatikana nani, dawa gani inafaa. Tatu, lipa namba yao ilikua haifanyi kazi siku mbili mfululizo na wakala wa karibu yuko mbali kidogo, mtu una mgonjwa unakimbia juani kutafuta keshi. Na bima ya baba mdogo kwenye kipimo hiki haikukubaliwa, wakasema hiki analipia mwenyewe. Hilo labda sio kosa lao ila waseme mapema mapokezi, sio mpaka umefika dirishani.

Benchi za nje pia hazitoshi, lakini hilo niliache.

Kitu kingine ambacho mtu hawezi kukiona kwenye risiti. Siku ya nne alikuja mama mmoja wa Kimasai na mtoto mgongoni, mtoto ana homa na amekonda, mwingine angempa tu dawa ya maleria. Nesi yuleyule, spiriti ileile, akasubiri ikauke vilevile, akamwimbia mtoto huku anasubiri. Chupa ya mtoto ni ndogo na damu inachukuliwa kidogo kwa kadiri ya uzito. Nikamuuliza yule kijana wa maabara mtoto atakua na nini, akasema hasemi mpaka chupa iseme, ila kwa watoto waliodhoofika au waliotoka kuumwa maleria kali anaejitokeza sana ni salmonela, sio ile ya taifodi, ni ndugu zake ambao kwa mtu mwenye afya wanaishia tumboni tu kwa kuharisha. Kijana mwenyewe alikua hajala tangu asubuhi na ilikua saa tisa mchana.

Kwa wanaokuja: beba karatasi ya daktari kama unatoka nje, wanapokea na wasiolazwa hapa. Kama mgonjwa ameshameza dawa yoyote usifiche hata kama ulinunua dukani bila cheti, beba paketi yake uwaonyeshe na uwaambie saa aliyomeza. Sema kama aliingia kwenye maji, mfereji, mto, kama alichomwa na mwiba wa perege au kambale akiparua, maana wao wasipojua hawawezi kumtafuta. Na kama kuna kidonda kimevimba kwa siku moja na homa ipo, usikae foleni, ingia moja kwa moja upande wa dharura umwambie dada wa dirishani, atatoka kukusaidia kama alivyotoka kwetu. Maabara ya kuotesha inafungua saa moja na nusu asubuhi Jumatatu mpaka Jumamosi, geti la nyuma ndo liko karibu zaidi kwa anayekuja na bajaji.